Kidani cha mama

Nyumba yetu ya Buhene, karibu na Goma nchini Kongo, ilizikwa na lava ya volkano ya Nyiragongo tarehe 22 Mei 2021. Mama alifariki mwaka uliofuata. Kidani chake nilikitengeneza hivi.

Okota jiwe la lava lenye matundu, dogo kama ncha ya kidole gumba. Lisugue kwa brashi na maji, maana linakwaruza ngozi, kisha lianike. Menya waya wa umeme uliotupwa, toa uzi mmoja wa shaba, uupitishe tunduni polepole; ukilazimisha, jiwe litavunjika. Mimi niliongeza kifungo cha blauzi aliyokimbia nayo usiku ule, cha bluu, alichokishona kwa uzi mweusi. Uzi huo sikuutoa. Pinda ncha za waya kwa koleo, zisichome. Kama hutaki kuulizwa, kivae ndani ya nguo.