SOMO: Kutathmini na kupanga kazi za idara za kanisa (lisomeni lote kabla ya kuuliza)

Bwana Yesu asifiwe. Kila ifikapo Oktoba maswali kwenye kundi letu hili ni yale yale: tunaanzia wapi kupanga mwaka, fomu ya tathmini ikoje, bajeti ya kwaya tuweke ngapi. Naandika yote hapa mara moja ili anayeuliza tena aelekezwe huku. Mfano ninaoutumia ni usharika wa kawaida wa mjini, Tanzania: ibada mbili za Jumapili, idara saba au nane, baraza la wazee, mchungaji mmoja. Mwaka unaopangwa ni 2027.

Kama mtashika jambo moja tu, shikeni hili: tathmini na mipango ni kazi mbili, na zinafanyika siku mbili tofauti.

HATUA YA 1. Orodhesheni idara zote, zilizo hai na zilizobaki kwenye makaratasi.

HATUA YA 2. Kila idara iandike sentensi moja: inamhudumia nani. Idara itakayojibu kwa kuwataja wanachama wake yenyewe, iwekeeni alama. Mtairudia.

HATUA YA 3. Daftari la majina. Kila mtumishi mstari wake, kila idara safu yake, tiki anapohudumu. Mwenye tiki tatu au zaidi zungushieni duara. Hao ndio watakaoacha ghafla katikati ya mwaka, na si kwa ubaya, wamechoka. Angalieni pia tiki zinazogongana saa moja: mwalimu wa shule ya Jumapili ambaye pia anaimba ibada hiyo hiyo. Pengo hilo halionekani kwenye ratiba ya idara moja moja; linaonekana kwenye daftari hili tu.

HATUA YA 4. Fomu ya ukurasa mmoja, igaweni wiki mbili kabla ya kikao. Maswali matano yanatosha: Tulipanga nini, na tarakimu zake? Kilifanyika kiasi gani? Nani ameingia, nani ametoka, nani amechoka? Fedha tuliomba kiasi gani, tukapewa kiasi gani, tukatumia kiasi gani? Kitu gani tukiache? Swali la tano wengi hulikwepa. Fomu isiyojibiwa hapo irudisheni.

HATUA YA 5. Kikao cha tathmini. Hatua hii niliwahi kuiharibu, kwa hiyo naieleza kwa urefu. Kosa lilikuwa kuweka tathmini asubuhi na mipango saa nane mchana, Jumamosi hiyo hiyo, idara zote ukumbi mmoja. Kiongozi anayejua kwamba mchana ataomba fedha hawezi kukiri asubuhi kwamba nusu ya ziara za wagonjwa hazikufanyika. Anatetea. Wenzake nao wanatetea ili wasionekane wadhaifu kuliko yeye. Mnatoka na karatasi nzuri isiyo na ukweli, na mipango inajengwa juu yake.

Fanyeni hivi badala yake. Kila idara ikae peke yake, dakika 45, watu sita: kiongozi, katibu, mhudumu mmoja wa kawaida, wazee wawili wasio wa idara hiyo, na mtu mmoja anayehudumiwa. Kwa shule ya Jumapili ni mzazi. Kwa diakonia (huduma kwa wahitaji) ni mjane au mgonjwa aliyepona. Huyo anayehudumiwa ASEME wa kwanza, kabla viongozi hawajafungua kinywa, maana wakishatangulia hatawapinga.

Tahadhari zake:

Usiulize "huduma inaendeleaje?" Jibu lake ni "tunamshukuru Mungu", na kikao kimekwisha. Uliza: mlipanga kwenda hospitali mara ngapi, mlikwenda mara ngapi, ambazo hamkwenda kilizuia nini?

Msipige kura ya alama 1 hadi 5 kwa kunyoosha mikono. Kila mtu atampa mwenzake 4.

Kwenye muhtasari andikeni kazi, msiandike mtu. "Ibada ya kwanza ilipungukiwa wahudumu wa mlangoni Jumapili 9 kati ya 39 za Januari hadi Septemba" ni tathmini. "Fulani ni mvivu" ni masengenyo yenye muhuri. Suala la mwenendo wa mtu linakwenda kwa mchungaji, faragha, na fomu hii haihusiki.

Mchungaji asiwe mwenyekiti wa kikao hiki. Asomewe muhtasari baadaye. Akikaa mbele, watu watamjibu yeye badala ya kujibu swali.

HATUA YA 6. Siku ya mipango, wiki mbili au tatu baadaye. Anzeni na kalenda, msianze na ndoto. Kwa 2027 Ijumaa Kuu ni 26 Machi, Pasaka 28 Machi, Pentekoste 16 Mei, Jumapili ya kwanza ya Majilio 28 Novemba. Krismasi ni Jumamosi, kwa hiyo mkesha, Krismasi na Jumapili ni siku tatu mfululizo. Kwaya moja haiwezi kuzibeba zote, na wahudumu wa mlangoni vivyo hivyo. Wekeni pia mvua za masika kabla ya kupanga mkutano wa injili wa uwanjani, na mitihani ya kidato cha nne ya Novemba kabla ya kupanga kongamano la vijana.

HATUA YA 7. Malengo yasizidi matatu kwa idara. Kila lengo liwe na kitendo, idadi, tarehe, na jina la mtu mmoja (si "kamati"). "Kuimarisha uinjilisti" si lengo. Hili ni lengo: kutembelea kaya 40 kabla ya 30 Juni. Sasa lipigieni hesabu palepale: Jumamosi ya kwanza na ya tatu, Januari hadi Juni, ni Jumamosi 12. Jozi mbili, kila jozi kaya mbili, ni kaya 4 kwa siku, jumla 48. Mmebaki na nafasi 8 za mvua na misiba. Hesabu ikikataa, punguzeni lengo siku hiyo hiyo.

HATUA YA 8. Hesabu ya watu. Milango mitatu, watu wawili kila mlango, ibada mbili: zamu 12 kwa Jumapili. Jumapili nne ni zamu 48. Mtu akihudumu mara mbili kwa mwezi mnahitaji watu 24, na ongezeni 5 wa akiba. Mkiwa na 15, msiwapangie mara nne nne kimya kimya. Fungeni mlango mmoja, au tafuteni watu kabla ya Januari.

Na Jumapili ya tano! Ratiba za "kundi la kwanza wiki ya kwanza, kundi la pili wiki ya pili" huiacha bila mtu. Mwaka 2027 ni nne: 31 Januari, 30 Mei, 29 Agosti na 31 Oktoba. Zipangeni kwa majina sasa. Vijana wakipewa hizo nne ni nafasi nzuri ya kujifunza.

HATUA YA 9. Bajeti. Panga matumizi katika mafungu matatu: lazima, inafaa, ikipatikana. Msiweke gharama kubwa Januari, waumini wana ada za shule. Sharika za wakulima zipange kazi kubwa baada ya mavuno.

HATUA YA 10. Kila robo mwaka, dakika 30 kwa idara: kila lengo limefanyika, linaendelea, au limekwama. Lililokwama robo mbili mfululizo lifutwe au libadilishiwe mhusika.

MASWALI YA WANACHAMA

Katibu Mpya: Shalom mtumishi. Naomba fomu iliyokwisha jazwa, tunakikao kesho.

Jibu: Maswali matano yapo Hatua ya 4. Fomu iliyojazwa na kanisa lingine haiwezi kuwaambia lolote kuhusu kanisa lenu. Na kama kikao ni kesho, kiahirisheni wiki mbili.

Mwana wa Sayuni: Kanisa si kampuni. Roho Mtakatifu hapangiwi ratiba. Haya mambo ya tarakimu ni ya dunia.

Jibu: Kutoka 18, Yethro alimwambia Musa kwamba atachoka yeye na watu wake, akamshauri aweke wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa kumi. Hizo ni tarakimu. Matendo 6, wajane walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakusema "tuombe tu", walitaka wachaguliwe watu saba waliojaa Roho, kwa kazi hiyo mahususi. Mjane asiyefikiwa kwa sababu hakuna aliyehesabu bado ana njaa. Sitalirudia hili.

Mama Mlezi: Shikamoo mwalimu. Tuna kikundi cha maombi ya alfajiri kilichoanzishwa na mama mmoja mzee tunayemheshimu sana. Sasa wanakuja watatu tu. Kwenye tathmini tutakifungaje bila kumvunja moyo?

Jibu: Marahaba mama. Kwanza msikifunge kwa sababu ya idadi. Watatu wanaoomba ni kazi kamili. Kilichokufa huenda ni saa. Mwulizeni yeye, mkiwa wawili tu, nyumbani kwake, si kikaoni: "Mama, ungekuwa unaanza leo ungeanzaje?" Mara nyingi ndiye wa kwanza kusema kwamba alfajiri imekuwa ngumu, giza ni kubwa, usafiri hakuna. Mpeni nafasi ya kuhamisha saa, au kukabidhi kwa mtu anayemchagua mwenyewe. Ikionekana lazima kifungwe, kifungwe kwa shukrani ibadani, jina lake litajwe na miaka yake ya kazi, na apewe kazi nyingine kabla ya siku hiyo, si baada yake. Mzee akiachwa bila kazi hata wiki moja anaelewa kwamba ametupwa.

Kijana wa Mitambo: Hujasema tathmini inafanywa na nani.

Jibu: Hatua ya 5. Watu sita, nimewataja mmoja mmoja.

Mwalimu wa Watoto, Mombasa: Asante sana kwa hesabu ya milango. Sisi tuna watoto kama 90, madarasa matatu, walimu saba. Najaribu kupiga hesabu yenu kwetu lakini sijui nianze na idadi ya watoto au ya madarasa.

Jibu: Anza na madarasa, mwalimu, kwa sababu kanuni ya kwanza ni kwamba mtu mzima mmoja hakai peke yake na watoto. Madarasa matatu mara wawili ni walimu 6 kila Jumapili. Jumapili nne ni zamu 24. Kila mwalimu akifundisha mara mbili kwa mwezi mnahitaji 12, na 2 au 3 wa akiba. Mna saba, maana yake kila mmoja anafundisha karibu kila Jumapili na hasikii mahubiri mwaka mzima. Hilo liandikeni kwenye tathmini kwa maneno hayo hayo, wazee wataelewa haraka kuliko mkisema "tuna uhaba". Hadi mpate wengine, unganisheni madarasa mawili ya wadogo: zamu zitashuka hadi 16 kwa mwezi, na saba wataziweza kwa mara mbili au tatu kila mmoja. Na mzazi wa kusaidia mlangoni si lazima ajue kufundisha.

Mwalimu wa Watoto, Mombasa: Hiyo ya kutosikia mahubiri imenigusa. Ni kweli kabisa.

Fundi Spika: Naongezea kwa mitambo. Kwenye fomu yetu tuliweka safu ya "kilichokatika ibadani". Karibu kila mara ni betri ya maiki au waya uliokunjwa vibaya. Sasa betri mpya zinawekwa Jumapili asubuhi kabla ya ibada ya kwanza, na zilizotumika zinakwenda kwenye maiki ya mazoezi ya kwaya.

Jibu: Safi sana fundi. Safu hiyo nitaiongeza kwenye fomu. Waya mnakunjaje?

Fundi Spika: Mzunguko mpana, mmoja juu mmoja chini, haupindwi kwenye kiwiko. Ukipindwa kwenye kiwiko unajisokota ndani, unakatika karibu na plagi. Halafu kipande cha utepe wa rangi kwa kila urefu: nyekundu mita 5, bluu mita 10. Anayefunga jukwaa gizani wakati wa mkesha anachukua wa rangi anayoitaka bila kufungua yote.