Somo: Mkanda wa kifua ukisoma mapigo ya ajabu, anzia kwenye ngozi kabla ya dukani

Baridi ikiingia Arusha, kuanzia Juni mpaka Agosti, malalamiko huwa yaleyale. Tunatoka na baiskeli alfajiri, hewa ni kavu, na kabla hatujafika Usa River kuna mtu ananionyesha mapigo ya moyo 214 kwa dakika kwenye kikompyuta cha baiskeli yake huku anapiga soga na mwenzake. Mapigo 214 huwezi kupiga soga. Akianza kutoka jasho namba zinatulia zenyewe, lakini akifika nyumbani tayari anaulizia bei ya mkanda mpya. Asinunue kwanza.

Mkanda huu wa kupimia mapigo hausikilizi moyo. Unapokea umeme mdogo sana, kama milivolti moja hivi, unaofika juu ya ngozi kila moyo unapopiga. Zile pedi mbili nyeusi za upande wa ndani ndizo zinazoupokea, na sensa unayoibana katikati hupima muda kati ya pigo na pigo, kisha inarusha namba. Polar ya Finland ilitoa kifaa cha kwanza cha aina hii kisicho na waya mwaka 1982, na mpaka leo adui ni yuleyule: ngozi kavu haipitishi umeme vizuri.

Kabla hujagusa kitu, fungua rekodi ya safari yako uangalie kosa limetokea lini. Likiwa dakika kumi za mwanzo halafu likapona, ni ukavu. Likija kwenye mteremko tu, mshukiwa ni jezi. Grafu ikiwa na mapengo, kwamba namba inapotea na kurudi, tazama betri au mawasiliano. Namba ikiwa karibu mara mbili ya kawaida yako, huenda pedi ni chafu au mkanda umelegea, sensa inahesabu pigo moja mara mbili. Ukijua hilo unaweza kuruka hatua zisizokuhusu.

Hatua ya 1: Maji. Lowesha pedi zote mbili, na ngozi pia, si kupitisha kidole tu. Mate yanafaa, tena yana chumvi. Jeli ya ultrasaundi inayouzwa maduka ya vifaa vya tiba ni nzuri zaidi kwa asubuhi za baridi, kwa sababu haikauki haraka. Sasa hapa ndipo wengi tunapojiharibia: tunaoga, tunajipaka Vaseline au mafuta ya nazi mwili mzima, ndipo tunavaa mkanda. Mafuta yanazuia umeme. Osha eneo la mkanda kwa sabuni, paka mafuta kwingine kote utakako.

Kwenye mteremko maji hayatoshi kila mara. Jezi ya nailoni au koti jepesi la upepo likipigapiga kifuani hutengeneza umeme tuli, na sensa inaudhani ni moyo. Funga zipu mpaka juu, au vaa fulana ya pamba ndani.

Hatua ya 2: Mahali na mkazo. Mkanda ukae chini kidogo ya misuli ya kifua, pedi zigusane na ngozi mwanzo hadi mwisho. Vuta pumzi ndefu, inama kama umeshika usukani. Ukiteleza, kaza. Dada zetu, hakikisheni ukingo wa sidiria ya michezo hauinui pedi. Ukingo huo ukiweza kuukandamiza mkanda kwa juu ni bora zaidi. Wenye nywele nyingi kifuani hamhitaji wembe, ongezeni maji. Ikishindikana, sogeza sensa kidogo upande wa kushoto, au geuza mkanda ukae mgongoni, ulinganishe.

Hatua ya 3: Betri. Sensa nyingi zinatumia betri bapa ya CR2032. Namba hizo ni vipimo: upana milimita 20, unene milimita 3.2. Muuzaji akikupa CR2025 kwa maelezo kwamba "zote ni za saa", itaingia, lakini ni nyembamba, na kwenye barabara ya mawe itapoteza mguso. Usiamini mita ya volti peke yake. Betri iliyochoka inaweza kusoma karibu volti 3 ikiwa mezani, ikaanguka sensa inapoitumia. Badilisha, uone.

Kabla ya kuweka mpya, acha sensa bila betri nusu dakika au zaidi ijifute kumbukumbu ya kosa. Angalia oringi, ile pete ya mpira inayoziba mfuniko wa betri: ikiwa imepasuka au imekaa upande, jasho linaingia. Ukiona kutu ya kijani kwenye viguso, isafishe kwa pamba yenye spiriti. Na betri ya zamani usiiache mezani penye watoto. Mtoto akiimeza inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa 2. Hiyo ni kukimbia hospitali, hakuna kusubiri.

Hatua ya 4: Usafi. Chumvi ya jasho ikikauka huharibu pedi taratibu. Suuza mkanda kila baada ya safari, na mara kwa mara uoshe kwa sabuni laini na maji yasiyozidi nyuzi 40. Usitumie Jik wala dawa ya kulainisha nguo. Anika kivulini. Toa sensa kabla ya kuosha.

Hatua ya 5: Mawasiliano. Sensa hurusha namba kwa ANT+ (njia isiyo na waya ya vifaa vya michezo), kwa Bluetooth, au kwa njia zote mbili. ANT+ inasikika na vifaa vingi kwa pamoja. Bluetooth ina uchoyo: sensa nyingi za zamani hukubali kifaa kimoja tu, kwa hiyo simu ikishaidaka, kikompyuta hakiioni. Zima Bluetooth ya simu, jaribu tena. Na usiunganishe kupitia mipangilio ya simu. Ingia ndani ya programu yenyewe unayoendeshea.

Mawimbi haya, yote ya 2.4 GHz, hayapiti vizuri mwilini kwa sababu mwili umejaa maji. Simu iliyo kwenye mfuko wa nyuma wa jezi imezibwa na wewe mwenyewe. Ihamishie kwenye usukani uone kama mapengo yanakwisha. Unapounganisha sensa mara ya kwanza, jitenge na kundi kama mita 10. La sivyo utapanda mlima mzima ukitazama moyo wa jirani.

Hatua ya 6: Badilishaneni. Bana sensa yako kwenye mkanda wa mwenzako. Ikifanya kazi, mbovu ni mkanda wako. Ikigoma, mbovu ni sensa.

Mwamuzi wa mwisho ni vidole. Simama, gusa mshipa wa shingo kwa wepesi upande mmoja, hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo kocha. Mkanda unasema 190, saa ya mkononi inasema 120. Niamini ipi?*

Marahaba. Kwa kawaida mkanda, kwa sababu saa inasoma kwa mwanga, na mtikisiko pamoja na kukunja kifundo ukishika usukani huivuruga. Lakini dakika za mwanzo ukiwa mkavu, mkanda ndio unaoweza kudanganya. Hesabu shingoni, utapata jibu papo hapo.

*Mkuu, betri inaisha ndani ya wiki chache tu. Ni feki?*

Inawezekana, ila niambie kwanza unauhifadhi vipi mkanda. Ukiacha sensa imebanwa kwenye mkanda wenye unyevu, inadhani umeuvaa na inaendelea kufanya kazi usiku kucha. Chomoa angalau upande mmoja kila ukirudi. Isipobadilika, kagua oringi.

*Mimi niko Dar. Kasi ileile niliyoizoea, lakini mchana mapigo yanapanda polepole mpaka mwisho wa safari. Mkanda umechoka?*

Hapana kaka, ni joto. Ukipoteza maji, na damu nyingi ikienda kwenye ngozi kupoza mwili, moyo hulazimika kupiga mara nyingi zaidi kwa kazi ileile. Kosa la mkanda huruka ghafla. Hili lako linapanda taratibu. Kunywa maji, toka mapema.

*Nimefuata hatua zote. Nikiwa naenda taratibu inaruka ghafla hadi karibu 200, nahesabu shingoni napata kasi hiyohiyo, na nasikia kizunguzungu.*

Dada, hapo mkanda uko sahihi. Acha kuendesha kwanza. Nenda hospitali, eleza hivyohivyo ulivyoandika, omba kipimo cha ECG (kinachochora umeme wa moyo), na uende na rekodi ya safari yenye saa na dakika. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iko Dar, lakini ukiwa huku anzia hospitali iliyo karibu. Ikikupata tena pamoja na maumivu ya kifua au kuzimia, ni dharura, usisubiri miadi.

*Mpira wa mkanda wangu umelegea kabisa. Lazima ninunue na sensa?*

Si lazima, mkanda mtupu unauzwa. Beba sensa yako dukani, jaribu vifungo kama vinaingia vyote viwili kabla hujalipa.