Namna ya kumwona buibui kaa kwenye alizeti

Usimtafute buibui. Tafuta nyuki asiyetikisika. Ndivyo nilivyowafundisha wanangu hapa Singida, maana buibui huyu akitulia kwenye alizeti utampita mara tatu usimwone.

Nenda shambani mwezi wa tatu, alizeti zikichanua, saa mbili au tatu asubuhi nyuki wanapochangamka. Simama jua likiwa mbele yako ili kivuli chako kisimwangukie buibui. Akishtuka hutembea upandeupande kama kaa hadi nyuma ya petali, na hapo umempoteza.

Nyuki mzima hatulii, huzunguka ua akijipaka chavua. Ukimwona mmoja ameinamisha kichwa, mbawa zimelegea, mtazame shingoni. Juzi nilimkuta buibui jike hapo: wa njano tupu, mkubwa kama punje ya mahindi, mwembamba mbele na mpana nyuma, ana vipembe viwili pembeni mwa macho. Miguu minne ya mbele, mirefu kuliko ya nyuma, ilikuwa imemkumbatia nyuki. Hafumi utando wa kunasia, huitanua miguu hiyo akangoja. Wala hatafuni. Hutoboa, hutia sumu, kisha hufyonza. Nyuki niliyemwokota baadaye alionekana mzima kabisa, lakini mwepesi kama pumba.

Ukitaka kuona rangi ikibadilika, uwe na subira. Mwaka jana nilimtoa jike mweupe kwenye maua ya mgagani nikamweka kwenye alizeti, nikafunga uzi mwekundu kwenye shina. Siku ya nne bado mweupe. Siku ya kumi umanjano ulikuwa umeanza kumwenea.

Dume ni mdogo mno, kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Mara nyingi nimemwona akiwa juu ya mgongo wa jike.

Majirani wenye mizinga huniambia niwapulizie buibui hawa dawa. Sikubali. Mzinga una maelfu ya nyuki, na buibui huyu hula nzi na vipepeo pia. Dawa ndiyo itakayowaua nyuki wote wanaotua pale. Buibui huyu hamdhuru mtu.

Maua yakianza kunyauka, kagua majani. Jani lililokunjwa ncha na kushonwa kwa nyuzi nyeupe lina mayai ndani, na mama yupo juu yake akiyalinda, amekonda. Usilifungue. Lisogelee taratibu, utamwona akiinua miguu ya mbele kukukabili.