Kusomesha watoto nyumbani kwa familia ya Kikatoliki: anza na kalenda, vitabu vitafuata

Wiki ya tatu tangu tuanze kusomesha nyumbani, mwanangu wa pili aliingia chini ya meza na daftari lake la hesabu akakataa kutoka. Nilikuwa nimetundika ukutani ratiba ya vipindi saba, nimenunua kengele ya kugonga kila kipindi kinapokwisha, na vitabu vya dini peke yake vilifika kumi na viwili. Mume wangu aliporudi jioni alikuta watoto watatu wamenuna, na mimi nimenuna kuliko wao. Akauliza, "Tuliwatoa shule ili tuwaletee shule nyingine?" Nilikasirika, maana ilikuwa kweli.

Kwa hiyo haya ninayoandika nimeyajua kwa kuyakosea.

Kabla ya yote, jua sheria ya nchi unayoishi. Nchi hazifanani hata kidogo: Ujerumani hairuhusu mtoto kusomeshwa nyumbani badala ya shule, ila kwa nadra sana, Marekani inaruhusiwa katika majimbo yote 50, lakini kila jimbo lina masharti yake. Usitegemee la kuambiwa. Uliza ofisi ya elimu kwa maandishi, na jibu ulitunze. Tangu siku ya kwanza uwe na jalada la kila mtoto: tarehe, alichosoma, kazi mbili tatu za mkono wake kwa mwezi. Mimi huandika mistari mitano kila Ijumaa, basi. Siku mtoto atakapotaka kurudi shule au kufanya mtihani wa taifa, jalada hilo litamsemea.

Halafu kuna lile swali litakalokujia hata nje ya kanisa baada ya Misa: "Kanisa linaruhusu kweli?" Jibu lake ni la zamani. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, katika tamko lake juu ya elimu ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, unawaita wazazi walezi wa kwanza na walio wakuu wa watoto wao. Papa Yohane Paulo II alilirudia hilo mwaka 1981 katika waraka wake juu ya familia, Familiaris Consortio, namba 36: haki na wajibu huo wa wazazi hauwezi kuchukuliwa na mwingine. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kitabu cha mafundisho yake, inaligusa kuanzia namba 2221. Lakini namba 2229 inazungumzia pia haki ya wazazi kuchagua shule, kwa hiyo tusiwatazame kwa jicho la pembeni wanaopeleka watoto shule. Hilo nalisema kwa sababu nimewahi kulifanya.

Sasa kazi yenyewe. Kama ningeanza upya, vitabu kumi vya dini vingebaki dukani. Ningechukua Biblia, Katekisimu, kitabu cha sala na nyimbo, na kalenda ya liturujia, yaani ya majira na sikukuu za Kanisa. Kalenda ndiyo mtaala wa dini uliokwisha kupangwa. Kazi yako ni kuufuata. Majilio yakiingia, meza yetu inapata kitambaa cha zambarau na tunasoma Isaya. Kwaresima tunapunguza masomo ya mchana na kufanya Njia ya Msalaba. Pentekoste ni nyekundu. Mtoto wa miaka minne anajua tuko wapi katika mwaka kwa kutazama kitambaa tu. Na kila mtoto ana sikukuu ya somo wake wa ubatizo: siku hiyo hasomi hesabu, bali anatusimulia habari za mtakatifu wake.

Kengele yangu haikupotea bure. Hugongwa saa sita mchana kwa sala ya Malaika wa Bwana, na wakati wa Pasaka kwa Malkia wa Mbingu. Popote tulipofika katika somo, tunasimama.

Kuhusu siku inavyokwenda: hesabu na kusoma, kila mtoto kwa kiwango chake, asubuhi, muda mfupi. Wadogo dakika 15 kwa somo zinatosha kabisa. Yaliyobaki wote tunasoma pamoja: historia, jiografia, sayansi, dini. Mimi nasoma kwa sauti, kisha mmoja anasimulia alichosikia kwa maneno yake. Mdogo husimulia kwa mdomo, mkubwa huandika. Nikiona mtoto hawezi kusimulia, najua nimesoma kirefu mno au alikuwa anatazama nje.

Hapa ndipo nisipojizuia nitakesha, maana imani inaingia kwenye masomo mengine bila kulazimishwa. Chukua tarehe ya Pasaka. Pasaka ni Dominika ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia tarehe 21 Machi au baada yake, kwa hesabu ya Kanisa. Ndiyo maana haiwezi kutangulia 22 Machi wala kupita 25 Aprili. Tulitazama mwezi kila usiku kwa wiki tano, watoto wakachora umbo lake, wakahesabu, wakabishana. Hiyo ni falaki, ni hesabu, ni katekesi. Safari za Mtakatifu Paulo tulizichora kwenye ramani kwa uzi: Antiokia, Kipro, Efeso, Korintho, hadi meli ilipovunjikia Malta. Kwa sayansi tulipanda njegere kwa heshima ya Gregor Mendel, mtawa wa Kiaugustino aliyetangaza matokeo yake mwaka 1865 na kufungua njia ya elimu ya urithi. Njegere zetu zilikauka. Tukapanda tena.

Kwa wadogo, tafuta habari za Katekesi ya Mchungaji Mwema, iliyoanzishwa Roma mwaka 1954 na Sofia Cavalletti na Gianna Gobbi kwa misingi ya Montessori, mtindo wa kufundisha wadogo kwa kushika na kutenda. Mtoto hushika kwa mikono yake altare ndogo, kalisi ndogo, kondoo wa mbao. Sisi tulitumia kadibodi. Hati zote nilizotaja zinapatikana bure kwenye tovuti ya Vatikani, ingawa si zote kwa Kiswahili. Habari za Kanisa na mafundisho ya Papa kwa Kiswahili utayapata Vatican News.

Sakramenti usizifanye peke yako. Sheria ya Kanisa, kanuni 914, inawataja wazazi kwanza, kisha paroko, katika kuwaandaa watoto kwa Komunyo ya kwanza baada ya kuungama. Wote wawili. Mapema, kabla madarasa ya katekisimu hayajaanza, nenda kwa paroko, mweleze unachofundisha, uliza anataka mtoto ajue nini, mwombe azungumze naye. Sehemu moja tuliambiwa bila darasa la parokia hakuna Komunyo. Nilikuja na kanuni zangu mdomoni kama wakili, na mazungumzo yakaharibika. Mara ya pili nilikwenda na mtoto, nikanyamaza, akaulizwa yeye. Baadaye nilijitolea kumsaidia katekista Jumamosi, na neno la darasa halikurudi tena.

Tafuta pia familia nyingine, hata moja. Sisi hukutana na nyingine mbili kila baada ya wiki mbili. Mama mmoja anajua kemia, mimi najua sarufi, tunabadilishana watoto.

Ziko wiki za ugonjwa, za mtoto mchanga, za kukosa nguvu. Kwa wiki hizo tuna ratiba fupi: sala, kusomewa kwa sauti, ukurasa mmoja wa hesabu. Ukurasa wa hesabu ukishindikana, uache. Nilipojifungua wa nne tulikaa hivyo wiki sita. Mkubwa ndiye aliyewasomea wenzake Matendo ya Mitume, na sura ya meli kuvunjika aliirudia mara tatu kwa sababu yule wa chini ya meza aliidai.