Namna ya kukinga mkojo wa mtoto kwa kipimo cha asidi ogania

Mtoto mchanga anayetapika, kulegea na kupumua haraka huku damu yake ikiwa na asidi nyingi huweza kuandikiwa kipimo cha asidi ogania kwenye mkojo (asidi ambazo mwili hutengeneza unapovunjavunja chakula, na ambazo hurundikana katika baadhi ya magonjwa ya kurithi), na sampuli yenye maana zaidi ni ile iliyokingwa wakati bado anaumwa, kwa kuwa akishapata nafuu baadhi ya asidi hizo hupungua hadi zisionekane. Safisha ngozi kwa maji, ikaushe kabisa, kisha bandika mfuko wa kukingia mkojo. Ule unaokamuliwa kutoka kwenye nepi siupendekezi, na uliochanganyika na choo haufai kabisa. Mililita 5 hadi 10 hutosha, bila kutia dawa ya kuhifadhi.

Joto la Dar es Salaam huwapa bakteria nafasi ya kuuharibu mkojo mapema. Umimine kwenye kikopo safi chenye kifuniko, uugandishe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, na safarini uuweke katika kasha lenye barafu ya kutosha (foleni ya Ubungo haina huruma). Kwenye fomu andika umri, chakula na dawa zote, hasa valproeti ya kifafa, ambayo huacha alama zake kwenye majibu.