SOMO: "Tabia" si "behaviour" kila mahali. Soma hapa kabla hujanipigia simu

Wakuu, nina steshenari ndogo Morogoro. Kutwa nachapa barua za maombi ya kazi na CV za watu, na wiki haipiti bila mteja kunipigia saa nne usiku: "Eti mpole kwa Kiingereza si ndiyo polite?" Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia somo hili.

Hatua ya 1. Andika kwanza kwa Kiswahili unachotaka kusema.

Hatua ya 2. Tafuta kamusi yenye sentensi za mfano. Ile ya neno kwa neno ndiyo inayowaponza.

Hatua ya 3. Lipasue neno "tabia". Limetoka kwenye Kiarabu, na huko asili yake ni maumbile, ndiyo maana tunasema tabianchi wala hakuna anayeshangaa. Kwetu limekuwa kapu, kila kitu humo. Waingereza wana visahani. Jambo unalolirudia hadi limekuganda ni habit: kung'ata kucha, kuamka alfajiri, kuchelewa kila Jumatatu. Kwa hiyo "ana tabia ya kuchelewa" si "he has a behaviour of coming late", ni "he has a habit of coming late". Unavyotenda mbele za watu ni behaviour. Mtoto katulia msibani? Behaviour yake siku hiyo ilikuwa nzuri, hata kama kesho ataparamia mwembe wa jirani. Ulivyo ndani, hata ukiachwa peke yako na sanduku la hela, ni character. Adabu ni manners, na hiyo s usiikate, maana manner peke yake ni namna ya kufanya jambo. Mwenendo wa kazini au shuleni ni conduct.

Hatua ya 4. Usidanganywe na sauti. Mpole na polite zinafanana mdomoni tu. Polite ni mwenye lugha ya adabu: tafadhali, samahani, asante. Mpole ni gentle, na kama ni mkimya tu, quiet. Mtu anaweza kuwa polite na roho yake ikawa ya mamba. Mwenye nyumba wangu anadai kodi kwa lugha tamu ajabu.

Hatua ya 5. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu. Miaka ya nyuma alikuja dereva, mtu mzima, anaomba kazi kwa familia ya wageni. Akaniambia, "Mwanangu, andika kwamba mimi ni msiri, ya bosi hayatoki mdomoni mwangu." Nikachapa bila wasiwasi: "I am very secretive." Kwenye usaili swali la kwanza likawa, unaficha nini? Mzee wa watu hakuelewa linatoka wapi. Alirudi dukani, hakunigombeza, akaiweka ile karatasi juu ya kaunta akaondoka. Kazi hakupata. Secretive ni mtu anayeficha mambo yake hadi unamtilia shaka. Anayetunza ya wenzake, anayejua la kusema na la kumeza, huyo ni discreet.

ONYO: kuna discreet na kuna discrete. Matamshi ni yale yale, maana ni mbalimbali. Discrete ni vitu vilivyotengana, utalikuta kwenye hesabu na takwimu. Kompyuta haitakuchorea mstari mwekundu kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Angalia zile e mbili za mwisho: kwenye discrete, t imesimama katikati kama ukuta, zimetengana.

ONYO LA PILI: usikimbilie confidential. Nyaraka ndizo confidential. Anayejiamini ni confident. "I am confidential" nimeifuta kwenye barua tatu mwezi huu.

Hatua ya 6. Haya yapitieni haraka. Sensible ni mwenye busara, sensitive ni mwepesi wa kuguswa au kuumia. Childish ni lawama (mtu mzima mwenye utoto), childlike mara nyingi ni sifa. Notorious si mtundu. Ni mwenye sifa mbaya iliyoenea. Mtoto mtundu ni naughty. Ignorant si mtu anayekupuuza, ingawa mnasikia ignore ndani yake. Ni asiyejua. Asiyeitikia salamu kwa majivuno ni arrogant.

Hatua ya 7. Mpe mtu mwingine asome kabla ya kutuma.

MASWALI

Chausiku_88: Asante mkuu. Kwa hiyo mpole ni polite au?

Jibu: Hatua ya 4.

Chausiku_88: Niliona ndefu sikumaliza.

Jibu: Nimeona.

Kijana_wa_Kazi: Bro nitungie sentensi tano za tabia zangu niweke kwenye CV, mwisho wa kupokea ni leo saa kumi.

Jibu: Sikujui. Tabia zako unazijua wewe na mama yako. Fanya Hatua ya 1, kisha ulete.

Bukavu_Kwetu: Ndugu, sisi huku tulisoma kwa Kifaransa. Kwetu sensible ni mtu anayeguswa haraka. Niliandika hivyo kwenye mtihani wa Kiingereza nikakosa. Kosa liko wapi?

Jibu: Swali zuri sana, karibu. Neno limeandikwa sawa herufi kwa herufi, ila maana zimeachana. Sensible ya Kifaransa ndiyo sensitive ya Kiingereza. Sensible ya Kiingereza, kwenu ni raisonnable. Ukiwa unatoka Kifaransa chunga na éducation: kwenu inabeba hata malezi, kwa hiyo mkisema mtu hana éducation mnaweza kuwa mnalaumu adabu yake. Ukisema kwa Kiingereza "he has no education", umesema hakusoma. Ukikumbuka mengine ya aina hiyo yaweke hapa, mimi Kifaransa changu ni cha kuokoteza.

Mwalimu_Jioni: Umeruka jealous na envious, na ndiyo yanayowasumbua wanafunzi wangu.

Jibu: Sikuruka, barua ya kazi haina wivu. Lakini sawa. Jealous ni kulinda kilicho chako, kama mume anayepekua simu ya mkewe. Envious ni husuda, macho kwenye cha mwenzako.

Mwalimu_Jioni: Husuda ni nzito zaidi, hasidi anataka na mwenzake aondokewe. Envious anaweza kutamani tu. Na Waingereza wenyewe kwenye mazungumzo wanasema jealous kwa yote mawili.

Jibu: Hapo kwenye husuda umenishika, mwalimu. La mazungumzo nalijua. Mimi nachapa barua.

Mama_Shani: Mimi behaviour kila nikiandika kompyuta inaweka mstari mwekundu. Nakosea?

Jibu: Hukosei, dada. Kompyuta yako imewekwa Kiingereza cha Marekani, wao wanaandika behavior bila u. Hata kamusi ya Noah Webster ya 1828 iliandika hivyo. Nenda kwenye mpangilio wa lugha, chagua Kiingereza cha Uingereza, mstari utaondoka. Usichanganye mitindo yote miwili kwenye barua moja.

Fundi_Redio: Nje ya mada kidogo. Mkimaliza hifadhini kama PDF, msitume ile ya kuhaririwa. Mimi yangu ilifunguka kwa mwajiri jina limehamia ukurasa wa pili.

Jibu: Kweli kabisa. Na mje na flashi safi, wiki jana nimeletewa yenye virusi, nusu siku mashine imelala.

Kijana_wa_Kazi: Nimeandika: mchapakazi, msiri, sina haraka. Hiyo ya mwisho ni slow?

Jibu: Ee Mungu. Patient. Ya pili rudi Hatua ya 5, na uandike e zikiwa pamoja.