Viza ya mwanafunzi wa Uingereza: fedha za familia, siku 28 za benki na saa 20 za kazi

Katika familia nyingi za Kenya na Tanzania, safari ya mtoto kwenda kusoma ng'ambo hubebwa na mikono mingi. Baba mkubwa huuza kiwanja, shangazi aliyeko Muscat hutuma riali, msikiti au kanisa huitisha mchango, na wafanyakazi wenzake mama huchanga kwa simu jioni moja. Ni utaratibu mwema, na umesomesha watu wengi. Hata hivyo, kanuni za viza ya mwanafunzi za Uingereza haziutambui katika umbo hilo, na ninaandika mwongozo huu kwa sababu ninaamini kwamba hakuna sehemu ya maombi inayohitaji kuanza mapema zaidi kuliko hii ya fedha. Viwango nitakavyovitaja ni vile vilivyokuwa vikitumika mwishoni mwa mwaka 2025, na kwa kuwa serikali ya Uingereza huvipandisha mara kwa mara, msomaji avilinganishe na tovuti ya GOV.UK siku anayojaza fomu.

Kila kitu huanzia chuoni. Mwombaji anapaswa kwanza kukubaliwa na chuo chenye leseni ya kudhamini wanafunzi wa kigeni, kisha chuo hicho humpa namba ya uthibitisho inayojulikana kwa herufi CAS. Namba hiyo hubeba taarifa zote ambazo ofisa wa viza atazisoma: jina la kozi, tarehe za kuanza na kumaliza, ada ya mwaka wa kwanza, kiasi kilichokwisha kulipwa, na namna chuo kilivyojiridhisha kuhusu Kiingereza cha mwombaji. Hutumika kwa ombi moja tu na hudumu kwa miezi 6 tangu itolewe. Isome neno kwa neno kabla ya kulipa chochote. Ikiwa pasipoti yako ina majina matatu na CAS ina mawili, au ikiwa malipo ya ada uliyoyafanya wiki iliyopita hayajaandikwa humo, mwombe ofisa wa chuo airekebishe kwanza, kwa maana malipo yasiyoonekana kwenye CAS yatakulazimu kuonyesha fedha zile zile upya au kutafuta risiti ya kuyathibitisha.

Kuhusu lugha, kozi ya ngazi ya shahada hudai Kiingereza cha kiwango cha B2. Kusoma kwa Kiingereza nchini Kenya au Tanzania hakumwondolei mwombaji sharti hilo moja kwa moja, kwa kuwa nchi zetu hazimo katika orodha ya nchi ambazo Uingereza inazihesabu kuwa za wasemaji wa Kiingereza. Vyuo vikuu vingi, hata hivyo, vina mamlaka ya kukipima Kiingereza cha mwombaji vyenyewe, na baadhi yao hukubali alama ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini Kenya. Muulize ofisa wa udahili kabla ya kulipia mtihani wa IELTS, na ukilazimika kuufanya, hakikisha ni ule wa aina inayokubaliwa kwa viza.

Sasa nije kwenye fedha. Mwombaji anatakiwa kuonyesha mambo mawili kwa pamoja: ada ya mwaka wa kwanza iliyobaki bila kulipwa, na gharama za kujikimu kwa muda usiozidi miezi 9. Tangu tarehe 11 Novemba 2025, gharama hizo ni pauni 1,529 kwa mwezi kwa anayesomea London na pauni 1,171 kwa anayesomea kwingineko. Kwa miezi 9, basi, ni pauni 13,761 kwa London na pauni 10,539 nje ya London. Kinachoangaliwa ni mahali utakaposomea, si makao makuu ya chuo, kwani vipo vyuo vya mikoani vyenye tawi jijini London. Tuchukue mwanafunzi anayekwenda Leeds kwa kozi ya ada ya pauni 18,000, ambaye amelipa pauni 5,000 na malipo hayo yameandikwa kwenye CAS yake: atahitaji kuonyesha 13,000 za ada pamoja na 10,539 za kujikimu, yaani pauni 23,539.

Fedha hizo zinapaswa kukaa benki kwa siku 28 mfululizo bila salio kushuka chini ya kiwango hata siku moja. Siku ya mwisho ya hizo 28 isiwe imepita zaidi ya siku 31 kabla ya tarehe ya maombi, na tarehe ya maombi ni ile unayolipia ada ya viza mtandaoni. Hapa ndipo watu huumia. Benki ikikata makato ya mwezi siku ya 19 na salio likapungua kwa pauni tatu, hesabu imevunjika na inabidi kuanza upya. Fedha zikiingia kwa mafungu, siku ya kwanza huhesabiwa kuanzia fungu la mwisho lililofikisha kiwango kamili, si kuanzia mchango wa kwanza.

Jambo la pili ni thamani ya shilingi. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza hubadili salio lako kuwa pauni kwa kutumia viwango vya siku ya maombi vya OANDA, tovuti ya kubadili fedha, hata kama siku ulipoweka fedha shilingi ilikuwa na nguvu zaidi. Kwa sababu hiyo nawasihi wazazi waache ziada ya kutosha juu ya kiwango. Mimi binafsi nisingemshauri mtu aweke chini ya asilimia 5. Anayeweza kufungua akaunti ya fedha za kigeni katika benki yake ya Nairobi au Dar es Salaam, na akaiweka kwa pauni zenyewe, ataiepuka hofu hiyo kabisa.

Jambo la tatu ndilo zito, nalo ni jina lililo kwenye akaunti. Fedha zinakubaliwa zikiwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, la mume au mke wake anayetambulika, la mzazi wake, au la mlezi wake wa kisheria. Katika lugha yetu baba mdogo ni baba na mama mkubwa ni mama, na mtoto aliyelelewa na bibi tangu utotoni hana mzazi mwingine anayemjua. Fomu haihesabu hivyo. Salio la mjomba, liwe kubwa kiasi gani, halifai, hata likiambatana na barua ya wakili na hati ya kiapo. Mlezi hukubaliwa tu ikiwa mahakama ilimpa ulezi huo kwa maandishi. Wanaotaka kuchangia, kwa hiyo, wazihamishe fedha zao ziingie katika akaunti ya mwanafunzi au ya mzazi, kisha siku 28 zihesabiwe zikiwa humo. Michango iliyokusanywa kwa M-Pesa au kwa mitandao mingine ya simu ihamishiwe benki mapema, na mweka hazina ahifadhi orodha ya waliochanga, kwani ofisa anaweza kuuliza kiasi kikubwa kilichoingia ghafla kimetoka wapi.

Akaunti ikiwa ya mzazi, mwanafunzi aambatishe cheti chake cha kuzaliwa na barua ya mzazi inayoeleza uhusiano wao na kuridhia fedha hizo zitumike kwa masomo. Cheti kilichoandikwa kwa Kiswahili pekee kinahitaji tafsiri iliyothibitishwa. Majina ya mzazi kwenye cheti na kwenye taarifa ya benki yafanane. Ikiwa mama aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake na leo benki inamjua kwa jina la mumewe, ongeza cheti cha ndoa. Anayefadhiliwa na serikali, na chuo au na mfuko kama Chevening na Commonwealth hahitaji haya yote, ila barua rasmi inayotaja kiasi na muda wa ufadhili. Ufadhili ukiwa wa sehemu tu, ataonyesha kilichobaki.

Ninaomba jambo moja kwa moyo wote: usikubali wakala akuuzie taarifa ya benki. Maofisa huwasiliana na benki kuhakiki, na udanganyifu ukibainika ombi hukataliwa na mwombaji anaweza kuzuiwa kupata viza ya Uingereza kwa miaka 10. Kuahirisha masomo hadi msimu ujao kunauma, lakini ni miezi michache tu.

Wakati siku 28 zinahesabika, fanya kipimo cha kifua kikuu. Wakazi wa Kenya, Tanzania, Uganda na nchi nyingine nyingi za ukanda wetu wanalazimika kukifanya ikiwa watakaa Uingereza kwa zaidi ya miezi 6, na ni lazima kifanyike katika kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Picha ya kifua ya hospitali ya wilaya haipokelewi. Cheti chake hudumu miezi 6. Wanaokwenda kusoma baadhi ya masomo ya sayansi na uhandisi kwa ngazi ya uzamili au uzamivu wataambiwa na chuo kama wanahitaji pia ATAS, kibali cha serikali ya Uingereza kwa masomo nyeti ya teknolojia, ambacho hakina ada lakini huchukua wiki kadhaa.

Fomu hujazwa mtandaoni, na inaweza kuwasilishwa ndani ya miezi 6 kabla ya kozi kuanza. Ada yake ilipopandishwa Aprili 2025 ilikuwa pauni 524. Juu yake kuna ada ya huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, ambayo hulipwa yote kwa mkupuo mmoja siku hiyo hiyo na huzishtua familia zisizoitarajia. Viza ya shahada ya uzamili ya miezi 12 huongezewa mwezi mmoja kabla ya masomo na miezi 4 baada yake, hivyo mwombaji hulipa mwaka mmoja na nusu ya mwaka wa pili, yaani pauni 1,164. Fedha hizi zisitolewe katika lile salio la siku 28 kabla hesabu yake haijakamilika. Baada ya malipo, mwombaji huenda katika kituo cha maombi ya viza, Nairobi au Dar es Salaam, kutoa alama za vidole na kupigwa picha, na kwa kawaida jibu hutoka ndani ya wiki 3.

Baadhi ya waombaji huitwa kwenye mahojiano. Ofisa hataki hotuba. Anataka kujua kama unaielewa kozi unayoikimbilia, kwa nini umechagua chuo hicho, inagharimu kiasi gani na nani analipa. Soma maelezo ya kozi na ujibu kwa maneno yako mwenyewe.

Kuhusu kuandamana na mume, mke au watoto, tangu Januari 2024 haki hiyo imebaki kwa wanafunzi wa uzamivu na wa shahada nyingine za juu za utafiti, pamoja na wanaofadhiliwa na serikali. Anayekwenda kusoma uzamili wa kawaida wa darasani asafiri akijua kwamba familia yake itabaki nyumbani.

Ombi likikataliwa, barua itataja sababu. Hakuna rufaa ya mahakamani, lakini ndani ya siku 28 mwombaji aliye nje ya Uingereza anaweza kuomba uamuzi upitiwe upya kwa ada ya pauni 80, ikiwa ofisa ndiye aliyekosea. Ikiwa kosa ni la mwombaji, kama salio kupungua, ni afadhali kuomba upya.

Wanafunzi wengi sasa hawabandikiwi stika katika pasipoti, bali hupewa viza ya kielektroniki. Fungua akaunti yake kabla ya kusafiri, hakikisha namba ya pasipoti iliyomo ni ile utakayosafiria, na usitue Uingereza kabla ya tarehe ambayo viza inaanza. Jiandikishe chuoni kabla ya siku ya mwisho iliyowekwa. Anayechelewa bila ruhusa huondolewa udhamini, na asiyehudhuria masomo huripotiwa serikalini na viza yake hufupishwa.

Kazi nayo ina mipaka yake. Mwanafunzi wa ngazi ya shahada au zaidi anaruhusiwa saa 20 kwa wiki katika muda wa masomo, na aliye chini ya ngazi hiyo saa 10. Wiki huanza Jumatatu na kuisha Jumapili, wala hakuna kufidia: saa 26 wiki hii na 14 wiki ijayo ni uvunjaji wa masharti, hata kama wastani ni 20. Wanaofanya zamu za usiku katika nyumba za wazee waangalie zamu ya Jumapili inayovuka kuingia Jumatatu, kwa kuwa saa zake hugawanyika katika wiki mbili. Tena, mwanafunzi wa uzamili asidhani kwamba kiangazi ni likizo. Miezi ya kuandika tasnifu huhesabiwa kuwa muda wa masomo, na saa 20 zinaendelea kumbana hadi tarehe ya mwisho wa kozi.

Kujiajiri kumekatazwa kabisa. Kusuka nywele kwa malipo chumbani, kupika maandazi ya kuuza, au kusambaza chakula kwa baiskeli kupitia programu ya simu ni kujiajiri, hata kama ni saa mbili tu kwa wiki. Najua mabinti wengi wa kwetu hutegemea ususi wanapopungukiwa, na ndiyo maana nalisema wazi: tafuta mwajiri atakayekuandikia mkataba.

Anayekusudia kubaki kwa muda baada ya kuhitimu anaweza kuomba viza ya wahitimu, ambayo haidai salio la benki wala mwajiri. Ni ya miaka 2, au 3 kwa waliomaliza uzamivu. Kwa watakaoomba kuanzia tarehe 1 Januari 2027, ile ya miaka 2 itapungua kuwa miezi 18. Huombwa ukiwa ndani ya Uingereza, viza ya mwanafunzi ikiwa bado hai, na baada ya chuo kuiarifu serikali kwamba umefaulu. Kwa hiyo usikate tiketi ya kurudi nyumbani kusherehekea kabla chuo hakijakuthibitishia kwa maandishi kwamba taarifa hiyo imetumwa, ombi lako limewasilishwa na jibu limetoka.